Sukari, Mafuta na Mishipa ya Nairobi

Mgonjwa wa sukari jijini Nairobi hujulikana kwa namba moja. Akitoka kliniki, iwe ni Kangemi, Kawangware au katika majumba ya madaktari kule Upper Hill, watu wa nyumbani humuuliza, "Sukari imesoma ngapi?" Ikisoma 7, wote hushusha pumzi. Ikisoma 17, chai hunywewa bila sukari kwa wiki mbili, kisha mambo hurudi yalivyokuwa. Namba hiyo ina uzito wake na sina nia ya kuidharau. Lakini wengi wa wanaougua kisukari cha aina ya 2 hawauawi na sukari kuzidi siku moja. Huuawa na mshtuko wa moyo au kiharusi, na wengine figo huzima au mguu hukatwa. Hayo yote ni magonjwa ya mishipa ya damu. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba sukari hufanya sehemu kubwa ya uharibifu wake kwa kuyaharibu mafuta tuliyo nayo katika damu na ukuta wa mshipa unaoyapokea, na kwamba anayetibiwa sukari peke yake ametibiwa nusu.

Kwanza tupime ukubwa wa jambo. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Sukari yake ikiwa 5, kwa kipimo cha milimoli kwa lita tunachotumia Kenya, damu hiyo yote imebeba gramu 4 na nusu hivi za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Ikifika 15, ni vijiko vitatu. Vijiko viwili vilivyozidi, vikikaa mwilini usiku na mchana kwa miaka, vinatosha kumpotezea mtu macho na figo. Kiasi kidogo hivi kinaharibuje hivyo?

Jibu la kwanza lilipatikana jikoni kabla ya kufika hospitalini. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari inavyoshikana na protini zikipata joto na kugeuka rangi ya kahawia. Ndiyo kemia inayolipa andazi ukoko wake na mkate harufu yake. Katika mwili wa nyuzijoto 37 kazi hiyo hiyo hufanyika polepole, bila kimeng'enya chochote kuamrisha: glukosi huelea, hugusa protini, hunata. Mwaka 1968 mtafiti wa Iran, Samuel Rahbar, alitangaza kwamba ameona hemoglobini ya namna ya pekee katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Ilikuja kufahamika kuwa ni hemoglobini iliyonatwa na sukari, na ndiyo tunayoipima leo kwa jina la HbA1c. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kipimo hicho husimulia habari za miezi mitatu iliyopita, si za asubuhi ya leo ambapo mgonjwa amejinyima kwa sababu anaenda kliniki.

Hemoglobini hufa na chembe yake, na sukari iliyonata huondoka nayo. Kolajeni iliyo katika ukuta wa ateri haina bahati hiyo, maana hukaa miaka mingi. Sukari iliyonata hapo hubadilika hatua kwa hatua, hufunga uzi mmoja wa kolajeni na mwingine, na mshipa uliokuwa ukitanuka kwa kila pigo la moyo huwa mgumu. Kuta za namna hiyo pia hunasa vitu vinavyopita, na kinachonaswa kwa wingi ni kolesteroli.

Kolesteroli haisafiri peke yake ndani ya damu. Hubebwa katika vifurushi, na kifurushi kinachotuhusu zaidi ni LDL, kilichozungushiwa protini moja kubwa iitwayo apolipoprotini B. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1985 kwa kuonyesha kwamba seli, hasa za ini, zina vipokezi vinavyoitambua protini hiyo na kukivuta kifurushi ndani. Vipokezi huitambua kwa sehemu zake zenye asidi amino iitwayo lisini. Na lisini ndiyo mahali sukari hupenda kunata. LDL iliyonatwa na sukari basi haitambuliwi vizuri na ini, huzunguka katika damu muda mrefu zaidi ya kawaida yake, na kila siku inayoongezeka ni nafasi nyingine ya kupenya ukuta wa ateri. Hapa ndipo kisukari na kolesteroli vinapokutana mara ya kwanza, na mgonjwa hahisi chochote.

Kukutana kwa mara ya pili ni kwa hatari zaidi. Tangu Nikolai Anitschkow alipowalisha sungura kolesteroli huko St. Petersburg mwaka 1913 na ateri zao zikajaa mafuta, wanasayansi walijua kwamba kolesteroli inahusika. Kilichowasumbua ni hiki: makrofaji, yaani zile seli za kinga zinazokutwa zimevimba kwa mafuta ndani ya ateri mbovu, hazikubali kujishibisha kwa LDL ya kawaida zikiwekewa maabarani. Mwaka 1979 Goldstein na Brown walionyesha kwamba LDL ikibadilishwa kikemikali, makrofaji huimeza bila kikomo. Katika miaka ya 1980 Daniel Steinberg na wenzake wa San Diego wakafuatilia ni badiliko gani linaloweza kutokea ndani ya mwili wenyewe. Wakafikia uoksidishaji: LDL iliyoshambuliwa na oksijeni kali ikaharibika, kama mafuta ya kupikia yanavyochacha. Seli hizo huimeza hadi zigeuke seli povu. Zikirundikana hufanya mstari wa mafuta ndani ya ateri, na baada ya miaka ule mstari huwa gamba gumu lenye kiini laini. Gamba likipasuka, damu huganda juu yake, na hapo ndipo mtu wa miaka 52 huanguka kituoni akisubiri gari.

Sukari huchochea uoksidishaji huo kwa njia zaidi ya moja. LDL iliyonatwa na sukari yenyewe huoksidishwa kwa urahisi kuliko ile safi. Ukuta uliokakamaa huishika LDL mahali ambapo kinga ya damu haifiki. Na seli za utando wa ndani wa mshipa, endothelia, zina udhaifu ambao Michael Brownlee wa New York aliufanya kuwa msingi wa maelezo yake aliyoyachapisha mwaka 2001. Seli nyingi za mwili, sukari ikizidi nje, hujua kupunguza inayoingia. Endothelia haziwezi kufunga mlango. Damu ikiwa na glukosi 15, ndani ya seli hizo glukosi hupanda vilevile, mitokondria hulemewa na kutema superoksidi, oksijeni yenye elektroni ya ziada inayotafuta pa kuitua. Seli za retina na za mishipa midogo ya figo zina udhaifu huo huo, na ndiyo maana kisukari hushambulia macho na figo lakini huuacha msuli wa mkono.

Superoksidi ina mwathiriwa mwingine. Endothelia hutengeneza nitriki oksidi, gesi inayouamuru mshipa utanuke na kuzizuia chembe sahani zisigande. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Nobeli mwaka 1998 kwa kazi iliyoitambulisha. Superoksidi huiteka nitriki oksidi na kuigeuza peroksinitriti, ambayo nayo huoksidisha LDL. Kwa hiyo sukari hunyang'anya mshipa kinga yake na kuigeuza kinga hiyo kuwa silaha dhidi ya mshipa huo huo. Naona hili ndilo jambo la kusikitisha kuliko yote katika kemia ya kisukari.

Tuiangalie karatasi ya maabara ya mtu wa aina tunayemwona kila siku. Tuseme kolesteroli yote ni 4.9, LDL 2.9, HDL, kifurushi kingine cha kolesteroli kisicho cha hatari, 0.8, na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 2.6. Mgonjwa ataambiwa kolesteroli yake si mbaya, maana jumla haijafika 5. Lakini toa 0.8 kwenye 4.9: zinabaki 4.1 za kolesteroli iliyo katika vifurushi vinavyoweza kuingia ukutani. Trigliseridi ikiwa juu na HDL ikiwa chini, kama ilivyo kawaida ya mwili unaokaidi insulini, vifurushi vya LDL huwa vidogo, vizito na vingi. Vidogo hupenya kwa urahisi, hukaa ukutani, na huoksidishwa upesi. HDL nayo, ambayo kazi yake mojawapo ni kuikinga LDL isioksidishwe, ikinatwa na sukari hupungukiwa na uwezo huo. Jumla ya 4.9 imeficha yote haya.

Sasa turudi Nairobi na historia yake, kwa sababu haya si maradhi tuliyozaliwa nayo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha vipimo vya shinikizo la damu vya watu 1,000 hivi wa Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, na hakuona likipanda na umri kama lilivyopanda Ulaya. Mwaka 1956 Hugh Trowell, daktari aliyeanzia kazi Kenya kabla ya kwenda Mulago, Kampala, alishirikiana na mwenzake kuandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mtu mmoja tu, na ilikuwa habari ya kuandikwa. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuata Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini. Shinikizo lao lilipanda ndani ya miezi michache tu tangu kufika, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi kuliko wa wenzao waliobaki nyumbani. Hakuna aliyebadilisha jeni zake katika basi la usiku kutoka Kisumu.

Kuhusu sukari, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 na Dirk Christensen na wenzake, ukiwahusisha Waluo, Wakamba na Wamasai pamoja na wakazi wa Nairobi, ulikuta kisukari kwa asilimia 12.2 mjini na 2.2 mashambani. Uchunguzi wa Kibera, mtaa wa mabanda, uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta asilimia 5.3. Wapo wanaosema kisukari ni ugonjwa wa Lavington na Kileleshwa, mitaa ya matajiri. Takwimu za Kibera zinawakatalia. Tofauti iliyopo kati ya Lavington na Kawangware, mitaa iliyopakana, ni ya wakati wa kugunduliwa: mmoja hugunduliwa kwenye uchunguzi wa kila mwaka anaolipiwa na kampuni, mwingine hugunduliwa kidonda cha mguu kikikataa kupona.

Chakula cha mji kina mchango ambao haujadiliwi vya kutosha, nao si sukari ya chai peke yake. Pita barabara ya Tom Mboya au River Road saa saba mchana utazame karai la chipsi. Mafuta ya asubuhi ni ya manjano. Kufikia jioni ni ya kahawia, yana povu lisilotulia na harufu inayokwama kooni, na kesho yataongezewa mapya juu. Moto, hewa na unyevunyevu wa viazi vimeyaoksidisha. Sehemu ya mafuta hayo huingia mwilini yakiwa tayari yameharibika. Mwaka 1999 Ilona Staprans na wenzake wa San Francisco waliwalisha watu mafuta yaliyooksidishwa, wakakuta kwamba kwa wagonjwa wa kisukari wasiodhibitiwa vizuri, mafuta mabovu yaliyoonekana katika damu baada ya mlo yalikuwa mengi na yalikaa muda mrefu kuliko kwa watu wenye afya. Simlaumu muuza chipsi. Anafanya hesabu ya faida yake katika mji ambao mafuta ya kupikia ni ghali, na mnunuzi wake ana shilingi chache na nusu saa ya kula. Kuweka sheria ya lini mafuta yamwagwe, na kuwapa maafisa wa afya ya umma wa kaunti kifaa cha kuyapima, ni jambo linalowezekana, na mji huu ungepaswa kuwa umelifanya.

Mtu akisikia kwamba tatizo ni uoksidishaji, hukimbilia kinachouzuia. Biashara imelijua hilo mapema. Katikati ya jiji, barabarani, ndani ya matatu na kwenye simu zetu, huuzwa vidonge, chai na maji ya mizizi "ya kusafisha mishipa". Wauzaji wameshika nusu ya ukweli. Nusu nyingine imepimwa kwa gharama kubwa. Utafiti wa HOPE, uliotangazwa mwaka 2000, uliwagawanya watu zaidi ya 9,000 walio katika hatari kubwa, wakiwemo wengi wenye kisukari, wapewe vitamini E au kidonge kitupu kwa miaka minne na nusu. Haikuzuia kifo wala kiharusi. Mwaka 2002 Uingereza ikatoa jibu lililo wazi zaidi. Watu 20,536, karibu 6,000 kati yao wakiwa na kisukari, waligawanywa kwa bahati nasibu mara mbili: wapewe vitamini za kuzuia uoksidishaji au kidonge kitupu, na tena wapewe simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, ya miligramu 40 au kidonge kitupu. Vitamini hazikumsaidia yeyote. Simvastatini ilipunguza mishtuko ya moyo, viharusi na upasuaji wa mishipa kwa takriban robo.

Wapo waliosema matokeo hayo yameua nadharia ya Steinberg. Sioni hivyo. LDL huoksidishwa ndani ya ukuta, kwa vimeng'enya vya seli zenyewe na kwa superoksidi inayotengenezwa papo hapo, ilhali vitamini ya kidonge huzunguka katika damu ambayo tayari ina kinga ya kutosha. Uoksidishaji ni hatua ya kweli ya ugonjwa, ila si mahali pa kuushika ugonjwa huo. Panaposhikika ni nyuma yake: idadi ya vifurushi vinavyoingia ukutani, nguvu ya damu inayovisukuma humo, na sukari inayoviharibu.

Na hata sukari yenyewe inataka busara. Utafiti wa Uingereza wa UKPDS ulionyesha mwaka 1998 kwamba kuishusha kunakinga macho na figo, na ufuatiliaji wa mwaka 2008 ukaonyesha kwamba waliodhibitiwa mapema walipata mishtuko michache ya moyo miaka kumi baadaye, kana kwamba mishipa ina kumbukumbu. Lakini mwaka huo huo wa 2008 utafiti wa ACCORD wa Marekani na Kanada, wa watu zaidi ya 10,000 waliougua kwa muda mrefu, ulisimamisha sehemu yake ya kuishusha sukari kwa nguvu kwa sababu vifo viliongezeka. Ninavyouelewa ushahidi huu, shusha sukari mapema na kwa uthabiti kwa mgonjwa mpya wa miaka 40. Usimfukuzie mzee wa miaka 70 namba ya kijana ukamwangusha kwa sukari kupungua. Presha ndiyo iliyotoa faida ya haraka: katika UKPDS hiyo hiyo, kuidhibiti kwa ukali kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44. Na utafiti wa CARDS wa mwaka 2004, uliowahusu wagonjwa wa kisukari ambao kolesteroli yao haikuwa ya kutisha, ulikuta miligramu 10 tu za atovastatini kwa siku zikipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 37.

Kipimo nacho kina mtego wake hapa kwetu. Kangemi na Kawangware zina watu wengi wenye asili ya magharibi mwa Kenya, ambako wengi wamerithi nusu ya selimundu bila kuugua. Kwa watu hao HbA1c inaweza kusoma chini kuliko sukari yao halisi. Daktari anayeona HbA1c nzuri na vipimo vya kidole vibaya asiamini karatasi ya kwanza kwa sababu tu imetoka kwenye mashine ya bei kubwa.

Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru Park, serikali ilizindua vifaa vya wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kote nchini. Ndani ya mkoba wa kila mmoja mlikuwa na mashine ya presha na ya kupimia sukari kidoleni. Kwa nchi ambayo uchunguzi wake wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu watu tisa kati ya kumi hawajawahi kupimwa sukari maishani, hiyo ni hatua kubwa, mradi vijiti vya kupimia visiishe. Kolesteroli haimo katika mkoba. Inahitaji maabara na pesa, na mgonjwa wa Kawangware aliyeandikiwa kipimo hicho mara nyingi huikunja karatasi akaiweka mfukoni hadi mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo naona kosa linaloweza kurekebishwa kesho asubuhi. Kliniki nyingi husubiri karatasi ya kolesteroli ndipo ziamue kuhusu statini, yaani dawa za jamii ya simvastatini na atovastatini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya ngazi ya chini hausubiri: mtu wa kisukari cha aina ya 2 aliyefika miaka 40 apewe statini, kolesteroli yake iwe imepimwa au la. Sababu ni ile tuliyoiona katika 4.9 ya kule juu: kwa mwenye sukari, kifurushi kinachoitwa cha kawaida si cha kawaida tena. Muuguzi wa zahanati ya Kangemi aliye na metformini ya kushusha sukari, dawa ya presha na atovastatini rafuni, na ruhusa ya kuzitoa zote tatu siku ile ile, anaweza kuzikinga ateri za mgonjwa wake kabla ya kipimo cha maabara kulipiwa.